Mdomo wa Marilyn Umehama: Siku Sita Kutoka Pittsburgh Hadi New York

Siku ya kwanza, Jumatano

Nimefika, sanduku halikufika. Mama wa kaunta amenipa fomu ya kujaza pamoja na tabasamu, nami nikatoka na mkoba wa mgongoni wenye daftari, mswaki na raba yangu ya kuchapia. Raba hiyo nusura inikoseshe ndege kule Nairobi. Askari wa ukaguzi aliigeuza mara tatu akiuliza ni silaha gani. Nikamwambia ni ubao tu wenye ulimi wa mpira, wa kuvutia rangi juu ya skrini, kile kitambaa cha wavu kilichokazwa kwenye fremu, rangi ipenye hadi kwenye nguo. Akanirudishia huku anatikisa kichwa.

Khalati, dada wa mama yangu, alikuwa ananingoja na koti la mwanawe mkononi, kama aliyejua kuhusu sanduku. Nimembusu mkono, akanivisha koti hapo hapo mbele za watu. Mwaka huu amenikatia tikiti nije nimwone kabla magoti hayajamkatalia ngazi kabisa. Njiani akaniuliza, "Wataka kuona nini huku, mwanangu? Wageni wangu wote hutaka maduka."

Nikamwambia nataka kuona picha za Andy Warhol, msanii aliyechora makopo ya supu na kuchapa nyuso za mastaa kwa skrini. Khalati ameishi mji huu miaka kumi na tisa, kila siku ya kazi basi lake lavuka daraja lenye jina la huyo Warhol, na hajawahi kuingia ndani ya makumbusho yake. "Yule wa makopo ya supu?" akasema. "Haya."

Kwa asiyenijua: nachapa tisheti na stika Mwembe Tayari, Mombasa. Nimewachapa Bob Marley, Tupac, Che, Mo Salah na Muhammad Ali kwa maelfu, kwenye vifua vya watu, milango ya matatu na migongo ya tuktuk. Hakuna hata mmoja niliyewahi kumwona kwa macho, lakini ndevu za Bob Marley naweza kuzichora taa zikiwa zimezimwa. Nimekuja kutazama kwa karibu hiyo asili ambayo sote tunainakili.

Siku ya pili, Alhamisi

Makumbusho ya Andy Warhol yako ng'ambo ya mto, mtaa wa Sandusky, jengo la ghorofa saba lililofunguliwa 1994. Daraja lenyewe ni la manjano iliyoiva na lilipewa jina lake 2005. Ushauri wa mlangoni ni kupanda hadi juu kabisa, halafu ushuke ghorofa moja moja. Khalati akapanda lifti akishukuru Mungu.

Juu kuna maisha ya mwanzo: mtoto wa wahamiaji kutoka kijiji cha Slovakia ya leo, baba kibarua aliyefariki 1942, mama aliyekuwa akitengeneza maua kwa mabati ya makopo. Alisomea uchoraji papa hapa, akamaliza 1949, akaenda New York kuchora viatu vya matangazo. Hapo nilisimama kidogo. Sikujua kwamba mtu huyu alianza kama sisi, mteja akitaka kiatu, unamchorea kiatu.

Kisha tukafika kwa Elvis Presley, yule mwimbaji. Ni turubai ndefu ya rangi ya fedha, ya 1963, na Elvis yumo mara kumi na moja, kwa rangi nyeusi, bastola mkononi, mmoja akimpanda mwenzake begani. Picha yenyewe ilitoka kwenye tangazo la filamu. Nilianza kucheka peke yangu, Khalati akanitazama. Nilikuwa nahesabu makosa. Hapa rangi imejaa hadi imevuja, pale skrini imeanza kuziba na uso ukafifia, hapa mkono wa mchapaji ulichoka katikati ya mvuto. Mtu wa kazi anasoma turubai ile kama anavyosoma kitabu cha hesabu cha duka. Picha za Elvis za mwaka huo zilipelekwa Los Angeles kwa ajili ya maonyesho zikiwa jora zima, hazijakatwa, na mwenye ukumbi kule ndiye aliyezikata na kuzikaza kwenye fremu. Jora! Kama kanga za Biashara Street.

Halafu Marilyn Monroe, yule mcheza filamu. Hapa nilikaa hata Khalati akatafuta benchi.

Mzee aliyenifundisha kazi, Mungu amrehemu, alikuwa na pipa karibu na mlango. Tisheti ambayo rangi ya mdomo imevuka mstari kwa upana wa punje ya mchele ilikwenda pipani, na bei yake ilikwenda kwenye mshahara wangu. Miaka miwili ya kwanza nilimfanyia kazi karibu bure kwa sababu ya midomo. Sasa nasimama mbele ya Marilyn wa 1962, na ule mdomo mwekundu umehama. Haujahama punje ya mchele, umehama kidole. Manjano ya nywele yamepita nywele. Rangi ya kope imetua pembeni ya jicho kama imerushwa na mtu aliye mlango wa pili. Nilinyoosha kidole changu kidogo kupima, mlinzi akakohoa, nikarudi nyuma.

Kilichotokea ni hivi. Marilyn Monroe alifariki Agosti 1962, na mwezi huo huo Warhol alichukua picha yake ya matangazo ya filamu Niagara ya 1953, akaipeleka kwa mafundi wakamtengenezea skrini. Rangi za uso, nywele, mdomo na kope alizipaka kwanza kwa mkono juu ya turubai kwa kufuata kivuli cha picha. Nyeusi ya skrini ndiyo ilikuja mwisho, kwa mvuto mmoja wa raba, juu ya yote. Ukifanya hivyo mara moja kwa uangalifu, nyeusi itakaa mahali pake. Ukirudia mara hamsini, kama alivyofanya kwenye ile turubai iliyoko London, haikai hata mara mbili sawa. Yeye aliona haikai, akaiacha.

Sisi hutupa. Yeye aliacha. Mwaka 2022 mmoja wa akina Marilyn wake, wa 1964, uliuzwa mnadani dola milioni 195. Nilipomwambia Khalati alisema tu, "Na yule mzee wako na pipa lake?"

Jambo jingine nililolijua leo ni kwamba alipozidiwa na kazi, 1963, aliajiri kijana aitwaye Gerard Malanga kwa dola moja na senti ishirini na tano kwa saa, kima cha chini cha New York wakati huo. Kijana huyo alikuwa anaijua skrini tayari, maana aliwahi kuchapa tai za shingoni. Kwa hiyo nyuma ya baadhi ya nyuso maarufu kuliko zote duniani kuna mkono wa mchapa nguo. Nimeliandika hilo kwenye daftari na kulipigia mstari.

Chini kabisa wana karakana ambapo mgeni anaweza kuchapa mwenyewe. Watoto wa shule walikuwa wamejaa, wanasukuma raba kana kwamba wanapiga deki. Binti anayefundisha alinielekeza polepole, kwa upole, jinsi ya kuishika. Nikatoa yangu mkobani. Nikaielemeza, nikavuta mara moja, nikainua fremu. Binti akaitazama karatasi, akanitazama mimi, akaita mwenzake. Khalati akamwambia kwa Kiingereza chake cha kazini kwamba huyu ni mwanangu, fundi. Alisema "fundi" kwa Kiswahili, hakutafsiri.

Siku ya tatu, Ijumaa

Asubuhi sanduku limeletwa, gurudumu moja halipo. Baada ya swala ya Ijumaa, mtoto wa khalati akatutoa na gari lake.

Kwanza kanisa alilosali Warhol utotoni, St. John Chrysostom, la Wakatoliki wa madhehebu ya Mashariki. Liko bondeni, chini ya barabara kuu, magari yanapita juu yake kama yanakwenda kwenye paa. Tulichungulia kwa ruhusa ya mzee mmoja aliyekuwa anafagia. Mbele kuna ukuta wa picha za watakatifu waliojipanga safu safu, kila mmoja akitazama mbele kabisa, hageuki, hacheki, nyuma yake dhahabu. Mtoto mdogo akikalishwa hapa kila Jumapili saa nzima, atatazama nini kingine? Binamu akasema, "Hizi ni mabango ya mastaa." Nikamwambia anyamaze, lakini hakukosea sana.

Kisha makaburini, mji wa Bethel Park. Jiwe la Warhol ni dogo kuliko nilivyotarajia: jina, 6 Agosti 1928, 22 Februari 1987. Jiwe la wazazi wake liko nyuma yake na limeandikwa Warhola. Ile "a" ya mwisho mwana aliiacha njiani kuelekea New York. Wageni wameacha makopo ya supu. Na kuna kamera kwenye mlingoti, inarusha kaburi mtandaoni usiku na mchana tangu 2013. Khalati hakuipenda kabisa. Alisema maiti ana haki ya kufichwa. Akasogea nje ya jicho la kamera, akasubiri garini.

Siku ya nne, Jumamosi

Tumeondoka alfajiri, mimi na binamu, na boksi la chapati. Khalati amebaki, ana zamu ya usiku. Aliniombea dua dirishani hadi binamu akapiga honi kidogo.

Njia ya kwenda New York inaweza kupitia Deer Lake, nami nilisisitiza tupitie, ingawa ni karibu saa nne za kona na vilima. Deer Lake ndipo Muhammad Ali alipojenga kambi yake ya mazoezi 1972, juu ya kilima, vibanda vya magogo. Hapa ndipo alipojiandaa kupigana na bondia George Foreman kabla ya kwenda Kinshasa 1974. Pambano lile marehemu baba alilisikiliza redioni, na kila alipolisimulia alianza kwa kueleza betri zilivyokuwa zinakaribia kuisha. Tena Ali alifika hadi kwetu: Februari 1980 Rais Carter alimtuma Afrika kuomba nchi zisusie Olimpiki ya Moscow. Nyerere alikataa hata kumwona, Moi akampokea.

Kambi imetengenezwa upya, na siku za wikiendi wanafungua. Nilitarajia ulingo, na ulingo upo. Kilichonishika ni mawe. Kuzunguka vibanda kuna miamba mikubwa, mingine mirefu kuliko mtu, na kila mmoja umeandikwa jina la bondia kwa rangi: Joe Louis, Rocky Marciano, Jack Johnson. Aliyeyaandika ni babake Ali, Cassius Clay mkubwa, ambaye kazi yake Louisville ilikuwa kuchora mabango ya maduka.

Nilipiga magoti mbele ya jina la Joe Louis. Unajua herufi za mtu wa mabango mara moja. Ule mkia wa herufi hauchorwi kwa rula, unachorwa kwa brashi iliyojaa, kwa pumzi moja, na ukisita katikati panaonekana. Jiwe halina uso ulionyooka, kwa hiyo mzee alilazimika kuinamisha herufi zifuate mgongo wa mwamba, kama tunavyofanya kwenye boneti ya matatu. Rangi imepakwa upya baadaye, naona, lakini mwendo wa mkono ni wake. Mwanawe ndiye uso uliochapwa labda kuliko uso wa mwanamichezo yeyote, na babake alikuwa mtu wa brashi na kopo. Sikuwahi kusikia jambo hili hata mara moja katika miaka yote niliyomchapa Ali.

Warhol alikuja hapa hapa Agosti 1977. Tajiri mmoja mkusanyaji wa sanaa, Richard Weisman, alikuwa amemwagiza picha za wanamichezo kumi, akiwemo Pelé. Alikuja na kamera yake ya Polaroid na kumpiga Ali picha ngumi zikiwa karibu na kidevu, na kutoka hapo zikachapwa turubai za mraba za karibu mita moja kila upande, na mwaka uliofuata seti ya chapa nne za karatasi. Kuna sababu ya kuja na kamera yake mwenyewe. Mwaka 1966 mpiga picha Patricia Caulfield alikuwa amemshtaki kwa kutumia picha yake ya maua bila kuomba. Tangu hapo Warhol akawa mwangalifu, akaanza kupiga picha zake mwenyewe. Kwa hiyo Marilyn ni picha ya mtu mwingine, Ali ni yake.

Tulisali adhuhuri katika kibanda kidogo ambacho Ali alikigeuza msikiti. Binamu hakusema kitu hadi tulipofika garini, na kwa binamu hilo ni jambo.

Jioni tukapita Kutztown, mji mdogo alikokulia mchoraji Keith Haring, yule wa vitoto vinavyong'aa. Mwaka 1986 Haring alitoa chapa nne alizoziita Andy Mouse: amemchukua Mickey Mouse, akamvalisha miwani na nywele za Warhol. Aliyekuwa anachapa mastaa akageuzwa katuni naye, na wote wawili wakatia sahihi. Tulinunua mafuta, hatukushuka.

Siku ya tano, Jumapili

New York. Tumelala kwa rafiki wa binamu, Bronx, watu sita chumba kimoja, na nilikuwa na furaha kama siku ya idi.

Kwenye makumbusho ya MoMA nilikwenda moja kwa moja kwa Marilyn wa Dhahabu, 1962. Turubai ina zaidi ya mita mbili kwenda juu, na uso wa Marilyn ni mdogo, umekaa katikati kama stempu juu ya bahasha. Kwingine kote ni dhahabu tupu. Kama ningeanza na New York ningesema huyu bwana amepoteza nafasi. Lakini nilitoka kule bondeni juzi. Ule ni ukuta wa kanisa, na wamebandika mcheza filamu mahali pa mtakatifu. Mdomo wake nao umehama, bila shaka.

Nje, njia panda ya Tenth Avenue na mtaa wa 22, juu ya mkahawa, Mbrazili Eduardo Kobra alichora 2018 vichwa vinne vikubwa kama vile vya marais kwenye mlima Rushmore: Warhol na wachoraji wenzake Frida Kahlo, Haring na Basquiat, vimekatwa vipande vya rangi kama sarakasi. Kobra hakosei mstari hata mmoja. Nilivutiwa, nikala mahindi, nikasahau. Sijui kwa nini ukuta safi kiasi kile haukunishika. Labda nimeharibika tangu Alhamisi.

Wachuuzi wa kando ya barabara wanauza Marilyn kwa karatasi, dola chache. Wenyewe hawajui kwamba wana babu. Mnamo 1970 kundi moja la huko Ubelgiji lilianza kutoa chapa za Marilyn zinazofanana na za Warhol, kwa jina la Sunday B. Morning, na nyuma wakapiga muhuri wa kumwambia mnunuzi ajazie sahihi yake mwenyewe. Warhol alipoletewa baadhi yake alizitia sahihi, akiandika kwamba hii si yangu, kisha jina lake. Mimi mtu akiniletea tisheti feki yenye nembo yangu sijui kama ningekuwa na ucheshi huo.

Usiku, rafiki wa binamu, ambaye anasomea sheria, akanieleza kesi ya picha ya mwimbaji Prince. Mpiga picha Lynn Goldsmith alimpiga Prince picha 1981. Mwaka 1984 jarida moja likamlipa dola 400 ili Warhol aitumie mara moja. Warhol akachapa kumi na kadhaa. Prince alipofariki 2016, kampuni ya jarida ikailipa taasisi ya Warhol dola 10,000 kwa mojawapo, Goldsmith hakupata kitu. Mei 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji saba kwa wawili, ikampa haki mpiga picha.

Nikanyamaza. Mwaka 2008 nilichapa ule uso wa Obama, wa nyekundu na buluu, hadi kucha zikabadilika rangi. Mombasa nzima ilimtaka kifuani. Uso ule ni wa Shepard Fairey, naye aliutoa kwenye picha ya mpiga picha wa shirika la habari AP, wakashtakiana hadi 2011 walipopatana. Hakuna aliyekuja Mwembe Tayari kunidai. Rafiki wa binamu akacheka, akasema nisitaje hilo uwanja wa ndege.

Siku ya sita, Jumatatu

Brooklyn kwa haraka, sanduku la gurudumu moja likinipigia kelele nyuma. Kwenye kona ya Bedford na Quincy kuna rapa Notorious B.I.G., au Biggie, ghorofa kadhaa, taji kichwani. Ukuta ulichorwa 2015. Miaka miwili baadaye mwenye jengo alitaka kuubomoa, watu wakapiga kelele, akaghairi. Nilikuta bibi ameegemea ukuta pale pale, chini ya kidevu cha Biggie, anasubiri basi na mfuko wa vitunguu.

Mtaa wa nyuma kijana alikuwa anabandika karatasi ukutani, chapa ya mwimbaji fulani aliyevalishwa taji la maua. Nikamwuliza gundi gani. Unga wa ngano na maji, amechemsha nyumbani. Uji! Tulishikana mikono, mikono yetu ikanata.

Wiki mbili baadaye, Mwembe Tayari

Mwenye tuktuk amekuja anataka Ali, ngumi kidevuni, rangi tatu. Nimemchapia kwa raba ile ile, na nyekundu nimeiacha ihame makusudi, kidole kizima, kama Pittsburgh. Ameitazama kwa muda mrefu, akainamisha kichwa upande, akainamisha upande wa pili.

"Fundi," akasema, "si mdomo umehama?"

Nikaanza kumweleza. Nilimtajia dola milioni 195. Akanisikiliza kwa adabu yote hadi nikamaliza, kisha akauliza kama hiyo bei ni ya ile iliyoharibika, ili ile nzuri aipate kwa bei yetu ya kila siku.

Nimemchapia nyingine. Ile ya kwanza imetundikwa juu ya pipa.